Kahawa isikwame njiani: mwongozo kamili wa kujiandaa na sheria mpya za biashara, kwa wanaouza nje kutoka Bukavu

Tarehe 2 Aprili 2025 Marekani ilitangaza kwamba bidhaa za Kongo zitatozwa ushuru wa asilimia 11. Ndani ya wiki moja nchi nyingi, yetu ikiwemo, zikawekwa kwenye asilimia 10. Mwezi wa Agosti Kongo ikapandishwa hadi 15. Halafu tarehe 14 Novemba ikatoka amri nyingine iliyoiondoa kahawa kwenye ushuru huo, pamoja na chai, ndizi na kakao. Kwa hiyo gunia lililovunwa Kalehe mwezi wa Machi lilishuhudia ushuru ukibadilika mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na mwishoni likarudi pale lilipoanzia: sifuri.

Katika miezi hiyo watu wa vyama vya ushirika hapa Bukavu walikuwa wanauliza kuhusu Trump kila walipokutana. Wachache sana waliuliza kama orodha yao ya wakulima iko sawa. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo hatari yenyewe ilipo. Kahawa mbichi kwa kawaida haina ushuru wa forodha Marekani, na Ulaya pia haina. Kinachoweza kuizuia kahawa ya Kivu ni ushahidi: imetoka shamba gani, ardhi hiyo ni ya nani, imechanganywa na nini, nani amelipwa njiani. Ushuru ukibadilika, mnunuzi wako atapiga hesabu upya. Ushahidi ukikosekana hana hesabu ya kupiga, anatafuta muuzaji mwingine.

Mwongozo huu ni kwa meneja wa ushirika, kwa mwenye kituo cha kuoshea kahawa, na kwa mfanyabiashara anayepeleka kontena moja au mbili kwa msimu. Nimeandika juu ya kahawa kwa sababu ndiyo naijua, lakini mwenye kakao atasoma hatua nyingi kama zilivyo, maana kakao nayo imo kwenye sheria ya misitu ya Ulaya. Mwenye chai au kwinini ataruka vipimo vya mashamba na kuanzia kwenye mkataba.

Hatua ya 1: Jua namba ya bidhaa yako

Hii haichukui hata nusu saa. Kahawa mbichi isiyoondolewa kafeini ni 0901.11 kwenye orodha ya forodha ya dunia. Kakao ya mbegu ni 1801. Andika namba hiyo kwenye fakitire, kwenye mkataba na kwenye kila karatasi, kwa sababu sheria zote zinatafutwa kwa namba, si kwa jina.

Kisha fungua daftari, uandike kila nchi unakouza na mambo mawili: ushuru wa kawaida ni kiasi gani, na kama kuna punguzo, linatoka wapi. Utaona mambo ya kushangaza. Kahawa mbichi Ulaya ni sifuri kwa kila mtu, kwa hiyo upendeleo tunaopewa sisi nchi maskini zaidi, ule wa "kila kitu isipokuwa silaha", hausaidii chochote hapo. Lakini ukikaanga kahawa hapahapa Bukavu, ushuru wa kawaida wa Ulaya ni asilimia 7.5, na hapo upendeleo huo unakuwa pesa halisi. China ni vingine tena: kahawa mbichi ina ushuru wa kawaida wa asilimia 8, na tangu 1 Desemba 2024 nchi maskini zaidi zenye uhusiano wa kidiplomasia na Beijing zinaingiza bidhaa zao zote bila ushuru. AGOA, mpango wa Marekani wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, ulifikia mwisho wa muda wake 30 Septemba 2025 na watu wakalalamika sana, lakini kwa kahawa mbichi haukuwa na uzito waliodhani.

Daftari hilo lina kazi moja: siku habari inapotoka redioni, ujue ndani ya dakika tano kama inakuhusu au haikuhusu.

Hatua ya 2: Tengeneza orodha ya wakulima inayosimama yenyewe

Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu bidhaa zisizotokana na ukataji misitu, namba 2023/1115 (kwa kifupi EUDR), inagusa bidhaa saba: ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao. Inadai mambo matatu kwa pamoja. Shamba lisiwe limekatwa msituni baada ya 31 Desemba 2020. Uzalishaji uwe umefuata sheria za nchi husika. Na mwagizaji awe ametoa tamko lenye mahali pa kila shamba.

Tarehe zake zimesogezwa mara mbili. Kwanza ilikuwa ianze mwisho wa 2024, ikasogezwa hadi mwisho wa 2025. Desemba 2025 ikasogezwa tena: 30 Desemba 2026 kwa kampuni kubwa na za kati, 30 Juni 2027 kwa ndogo na ndogo sana. Kila iliposogezwa nilisikia watu wakisema "tumepona". Hawajapona. Mwagizaji wa Hamburg au Antwerp hasubiri tarehe ya mwisho ndipo achague wauzaji wake, anawachagua msimu mmoja au miwili kabla. Na tarehe inayomhusu ni yake yeye, si yako. Ushirika wako ukiwa mdogo kiasi gani, kama mnunuzi ni kampuni kubwa, wewe unakwenda na saa yake.

Jambo moja litakupunguzia hofu: tamko lenyewe halijazwi Bukavu. Linajazwa na yule wa kwanza anayeingiza kahawa kwenye soko la Ulaya. Wewe unampa data. Asikudanganye mshauri anayekuuzia "cheti cha EUDR" kwa dola mia kadhaa, cheti cha namna hiyo hakipo.

Orodha nzuri ina mistari hii kwa kila mwanachama: jina kamili kama lilivyo kwenye kadi ya mpiga kura, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, localité na groupement (ngazi za utawala juu ya kijiji), simu kama anayo, idadi ya mashamba (siyo shamba moja tu, wengi wana vipande vitatu vinne), idadi ya miti ya kahawa kwa kila kipande, mwaka iliopandwa, na ardhi aliipataje.

Mstari huo wa mwisho ndio mgumu kwetu. Sheria ya Ulaya inauliza haki ya kutumia ardhi kwa mujibu wa sheria za Kongo, na sheria ya ardhi ya 1973 inasema ardhi ni ya Serikali. Mkulima wa Kabare au Walungu hana cheti cha kusajiliwa. Ana kalinzi, yaani haki ya ardhi ya kimila, aliyopewa baba yake kwa ng'ombe au mbuzi mbele ya mwami, mtawala wa kimila. Andika hivyo hivyo: kalinzi, mwaka, nani alitoa, mashahidi ni nani, kisha uchukue karatasi ya chifu wa groupement yenye muhuri. Kama mtu anakuambia shamba lake la kahawa ni la bwasa, simama hapo uulize vizuri. Bwasa ni kukodi kwa msimu, na kwa desturi mwenye bwasa haruhusiwi kupanda mmea wa kudumu. Ama kuna makubaliano mengine usiyoyajua, ama kuna ugomvi unaokuja, na ugomvi wa ardhi ukifika kwenye ripoti ya mkaguzi hutaumaliza kwa simu.

Hatua ya 3: Pima mashamba, na upime sawasawa

Shamba lisilozidi hekta 4 linahitaji nukta moja tu, yaani latitudo na longitudo ya sehemu moja ndani yake. Kubwa zaidi linahitaji mchoro wa mpaka wote. Huku kwetu karibu kila shamba la mkulima mdogo liko chini ya hekta moja, kwa hiyo kazi ni nukta. Watu wanasikia "nukta" wanadhani ni mchezo.

Tumia simu ya kawaida yenye programu ya kukusanyia data, kwa mfano KoboToolbox, ambayo haina malipo na inafanya kazi bila mtandao. Usipime ukiwa barabarani wala kwenye uwanja wa nyumba. Ingia shambani mpaka katikati. Simama mahali ambapo anga linaonekana, kwa sababu majani ya migomba yanavuruga ishara ya setilaiti. Subiri. Simu itaanza kwa kusema usahihi ni mita 30, halafu 18, halafu 9. Usibonyeze mpaka ishuke chini ya 5. Agronomu mwenye haraka anabonyeza kwenye 25, na nukta inaangukia kwa jirani ambaye hayumo kwenye ushirika, au ng'ambo ya kijito, ndani ya kipande cha miti.

Namba ziwe na tarakimu sita baada ya alama ya desimali. Eneo letu liko kusini ya ikweta, kwa hiyo latitudo ina alama ya kutoa mbele yake: maeneo ya Bukavu na Kalehe ni kama -2.5 hivi, na longitudo kama 28.8. Hapa ndipo faili nyingi zinapoharibika. Mtu akisahau ile alama ya kutoa, shamba la mama wa Kalehe linahamia Haut-Uélé, karibu na Mungbere, kwenye msitu mnene. Akizigeuza namba mbili, shamba linaonekana Sahara ya Algeria. Na kugeuza ni rahisi sana, maana faili la GeoJSON ambalo mwagizaji anataka linaandika longitudo kwanza, wakati simu inakuonyesha latitudo kwanza. Kabla ya kutuma faili lolote, lifungue kwenye ramani uangalie kwa macho. Nukta zote ziwe upande wetu wa ziwa Kivu. Hata moja ikiwa majini, rudi shambani.

Kuna jambo la watu, mbali na mashine. Mama mmoja wa Idjwi aliyepimiwa shamba lake alimkodolea macho kijana mwenye simu: "Mwanangu, hizi namba mnazipeleka wapi? Kesho si ndio watakuja na kodi?" Kijana alitaka kucheka. Mzee wa kijiji aliyekuwa naye akamzuia, akajibu mwenyewe: "Mama, namba inakwenda kwa mnunuzi ili ajue kahawa ni yako, si ya msitu. Na karatasi hii yenye namba inabaki kwako." Alipoona karatasi ndipo akaonyesha na kipande cha pili, ambacho hakuwa amekitaja. Kwa hiyo nenda na mtu anayeaminika kijijini, eleza kabla ya kupima, chukua sahihi au kidole cha ridhaa, na uache nakala. Usiwape data hizo madalali.

Ukimaliza, linganisha nukta na ramani ya misitu ya 2020 ambayo Tume ya Ulaya imeiweka wazi kwa umma. Usishtuke ikionyesha kwamba baadhi ya mashamba ni "msitu". Ramani hiyo inachanganya kahawa ya kivulini na msitu, na kahawa yetu iko chini ya migomba, miti ya grevillea na parachichi. Kwa maana ya sheria yenyewe, msitu ni eneo la zaidi ya nusu hekta lenye miti ya zaidi ya mita 5 inayofunika zaidi ya asilimia 10, lakini ardhi inayotumika hasa kwa kilimo haimo. Kwa hiyo kwa kila nukta yenye shaka tengeneza dosie ndogo: picha yenye tarehe, picha ya shina la mti wa kahawa linaloonyesha umri wake, ushuhuda wa chifu, na kama ipo, daftari la zamani la kituo linaloonyesha mkulima huyo alileta kahawa kabla ya 2021. Daftari hilo la zamani, lenye madoa ya majimaji ya kahawa, lina thamani kuliko ushauri mwingi wa kulipia. Usilitupe.

Shamba lililo ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega ni habari tofauti kabisa. Hapo umri wa mti hausaidii. Hata kama ulipandwa 1990, si halali, kwa sababu hifadhi ilianzishwa 1970. Mwondoe mwenye shamba hilo kwenye orodha ya mauzo ya Ulaya na umwambie ukweli mapema, kuliko kuacha nukta moja ichafue nukta mia tatu.

Hatua ya 4: Fanya hesabu ya kontena kabla mnunuzi hajaifanya

Kontena moja la futi 20 linabeba magunia 320 ya kilo 60, yaani kilo 19,200 za kahawa iliyokobolewa. Kwa arabika inayooshwa, kilo moja ya kahawa mbichi inatoka kwenye kilo 6 hivi za matunda mekundu. Basi kontena ni kilo 115,200 za matunda. Kama mkulima wako wa kawaida analeta kilo 400 kwa msimu, unahitaji wakulima 288 kulijaza, na nukta zao zote ziwe kwenye faili moja.

Sasa geuza hesabu. Mwenye miti 200 hawezi kuleta tani mbili. Mti wa huku, usiotiwa mbolea ya kutosha, unatoa kilo moja hadi tatu za matunda. Mkaguzi anajua hilo. Ukimwonyesha mtu wa miti 200 aliyeleta kilo 2,000, atauliza kahawa nyingine imetoka wapi, na yeye na wewe mnalijua jibu: imepita kwa dalali.

Hapo ndipo msimu wa bei kubwa unapovunja watu. Februari 2025 bei ya arabika kwenye soko la New York ilipita dola 4 kwa ratili, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa. Bei ikipanda namna hiyo, wanunuzi wa barabarani wanafika kijijini alfajiri na pesa mkononi, mwanachama anauza kwao, na ushirika unaobaki na mkataba usiojazwa unanunua parche (kahawa iliyooshwa na kukaushwa lakini bado haijakobolewa) popote. Chini ya sheria ya misitu hakuna kuchanganya kwa uwiano: kahawa isiyojulikana ikiingia ndani ya shehena, shehena nzima haiwezi kuingia. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Kwa hiyo kituoni weka taratibu zisizochosha, kwa sababu zinazochosha hazifuatwi wakati wa foleni ya saa kumi na moja jioni. Kila anayeleta matunda ana kadi yenye namba. Mpimaji anaandika namba, kilo na tarehe, basi. Kila siku ya kuosha ina namba ya kundi, na namba hiyo inafuata kahawa kwenye meza za kuanikia kwa kibao kidogo cha mbao, kisha kwenye gunia la parche, kisha depo, kisha kwenye mashine ya kukoboa. Matunda ya asiye mwanachama yasikataliwe kwa fujo. Yapokelewe kwenye pipa lake, yaoshwe siku yake, yauzwe soko lingine. Ukishindwa kutenga pipa, kataa.

Hatua ya 5: Karatasi za nyumbani, na hali ya mji

Orodha ya kawaida mnaijua: mkataba wa mauzo na fakitire, leseni ya kuuza nje kupitia benki iliyokubaliwa na Benki Kuu, cheti cha ubora cha ONAPAC (ofisi ya mazao ya kilimo), cheti cha afya ya mimea, cheti cha OCC (ofisi ya ukaguzi wa bidhaa), cheti cha asili, na tamko la DGDA (forodha). Tengeneza kalenda ya kurudi nyuma kutoka tarehe ya meli, ukihesabu siku za kila ofisi jinsi zinavyokuwa kweli, si jinsi tangazo lililobandikwa ukutani linavyosema.

Lakini kuandika orodha hiyo kana kwamba tuko 2023 ni kudanganyana. Goma ilichukuliwa na waasi wa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari, na benki za biashara zikafunga milango. Leseni inayopita benkini haipatikani kwa kuvuka barabara. Sisemi siasa hapa, nasema yale ambayo mnunuzi wako ataulizwa na mwanasheria wake. M23 imo kwenye orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa tangu mwisho wa 2012. Na sheria ya misitu, kifungu cha 10, inamtaka mwagizaji apime hatari za eneo husika, vita na vikwazo vikitajwa waziwazi. Kongo kwa ujumla imewekwa kwenye daraja la hatari ya kawaida, ambapo serikali za Ulaya zinatakiwa kukagua asilimia 3 ya waagizaji, lakini "kwa ujumla" haimlindi muuzaji wa Kivu.

Fanya hivi. Weka akaunti ya ushirika kwenye tawi la mji ambao benki zinafanya kazi, na sahihi mbili. Andika kila malipo ya njiani: tarehe, mahali, kiasi, nani alipokea, risiti ipo au haipo. Usiandike "gharama mbalimbali". Usibadilishe jina la mahali kahawa ilipotoka ili ionekane imetoka kwingine. Uongo huo ukigundulika unaharibu hata yale yaliyokuwa ya kweli. Kisha mweleze mnunuzi hali kwa barua kabla hajauliza, na umwombe mwanasheria wake akuambie kwa maandishi ni malipo gani hawezi kuyakubali. Baadhi watajitoa. Ni bora wajitoe Februari kuliko kontena likiwa Mombasa.

Na wale wanaofikiria njia ya zamani, mtumbwi usiku kuvuka ziwa na kahawa kupewa uraia mwingine: zamani hasara ilikuwa ya Serikali. Sasa nukta za mashamba ya Idjwi haziwezi kuwa za nchi nyingine. Ramani haihongwi.

Hatua ya 6: Mkataba

Soma ukurasa wa mwisho kwanza. Kwa masharti ya FOB wewe unashughulikia kutoa kahawa nchini, na ushuru wa kuingiza ni wa mnunuzi. Kwa DDP ushuru wote ni wako mpaka mlangoni kwake. Usisaini DDP, hata bei ikiwa tamu. Aliyesaini DDP kwenda Marekani Julai 2025 alilala na asilimia 10 akaamka Agosti na 15.

Dai mistari minne iandikwe. Ushuru mpya utakaotangazwa baada ya kusaini ni wa nani. Data gani za mashamba zinatakiwa, kwa muundo gani, zifike lini, na baada ya siku ngapi mnunuzi akikaa kimya zihesabike zimekubaliwa. Kama sheria itasogezwa tena, bei ya nyongeza uliyoahidiwa kwa kupima mashamba inabaki au inaondoka (hili linasahaulika, na kila tarehe inaposogezwa kuna mtu anajaribu kuifuta). Na mwisho, serikali yako mwenyewe ikifunga mauzo, nini kinatokea.

Msicheke na hilo la mwisho. Waulizeni wa Lubumbashi. Tarehe 22 Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha mauzo ya kobalti kwa miezi minne, ikaongeza mingine mitatu, halafu Oktoba ikaleta mgawo: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka na tani 96,600 kwa kila mwaka wa 2026 na 2027. Kampuni kubwa zenye mawakili wengi zililazimika kuwaandikia wateja kwamba limetokea lisilozuilika. Waliokuwa na kifungu hicho kwenye mkataba walikuwa na pa kusimamia.

Hatua ya 7: Kama unauza bio

Sheria mpya ya Ulaya ya kilimo hai, namba 2018/848, ilianza kuwabana wa nje mwaka 2025, na inagusa muundo wa ushirika wenyewe. Kundi lisizidi wanachama 2,000. Liwe na hadhi yake ya kisheria, lisiwe kivuli cha kampuni inayouza. Kwa kawaida mwanachama asizidi hekta 5. Mkaguzi wa nje atarudia ukaguzi kwa angalau asilimia 5 ya wanachama, wasiopungua 10, na sampuli zitachukuliwa kwa asilimia 2.

Ushirika wenye watu 3,000 lazima ugawanyike, na kugawanya si kuchora mstari kwenye karatasi. Kuna deni la mashine, kuna kituo kilichojengwa kwa mchango wa wote, kuna wazee wawili wasiotaka kuwa chini ya mmoja. Anza mkutano mkuu mapema, mgawane kwa vituo vya kuoshea, kila kituo kikiwa na statuts zake, yaani katiba yake. Usigawe kwa ukoo.

Dawa pia. Kuna mdudu wa antestia anayehusishwa na ile ladha ya kiazi ambayo wanunuzi wanaichukia kwenye kahawa ya Maziwa Makuu, na mkulima akimwona anatafuta dawa sokoni Kadutu. Chupa haina hata lebo. Ulaya ilishusha kiwango cha chlorpyrifos hadi miligramu 0.01 kwa kilo mwaka 2020, kiwango ambacho mkulima mmoja aliyepuliza anaweza kukipita. Kupogoa miti na kuokota wadudu kwa mkono asubuhi wakiwa bado wazito kwa baridi ni kazi ya kuchosha, ndiyo, lakini haiachi kitu cha kuonekana maabarani.

Hatua ya 8: Pata habari kabla ya redio

Jiandikishe kwenye ePing, huduma ya bure ya Shirika la Biashara Duniani na wenzake. Chagua bidhaa 0901 na nchi unakouza, na barua pepe zitakuja zenyewe sheria ikiwa bado ni rasimu. Kwa kawaida nchi inatoa siku 60 za maoni. Hizo siku 60 ndizo zako za kujipanga. Kwa Ulaya, tovuti ya Access2Markets inaonyesha ushuru na masharti kwa namba ya bidhaa. Mpe kazi hiyo mtu mmoja ofisini, kijana anayesoma Kifaransa na Kiingereza bila shida, kwa muda wa saa moja kila Jumatatu. Habari za WhatsApp zisomwe, lakini zisifanyiwe uamuzi mpaka namba ya sheria ionekane.

Hatua ya 9: Soko la pili, kabla la kwanza halijakataa

Kahawa yote kwa mnunuzi mmoja ni hatari hata akiwa rafiki. Tafuta wa pili, umpelekee sampuli msimu huu hata kama huna cha kumuuzia. Kila soko lina mlango wake. Marekani inataka kiwanda cha kukobolea kisajiliwe FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, na usajili unafanywa upya kati ya Oktoba na Desemba kila mwaka wa shufwa, 2026 ukiwemo. Aliyesahau anakuta namba yake imefutwa. China inataka kituo kisajiliwe na forodha yao, GACC, na kahawa ifike na cheti cha asili kisicho na shaka ndipo ushuru uwe sifuri. Kampala na Nairobi ni karibu, na Kongo imo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, lakini bei zao kwa kahawa nzuri ni za chini, na mara nyingi anayenunua pale anaipeleka Ulaya yeye mwenyewe. Atakuuliza nukta zilezile.

Kama msimu wa Machi unakaribia na una fedha ya kufanya jambo moja tu, lipia mafuta ya boti na posho ya agronomu wawili, waanze na vijiji vya mbali zaidi kwanza. Vya karibu na barabara mtavimaliza hata mvua ikinyesha.